Usiisugue Sarafu ya Tabora Kabla Hujaisoma

Katika nyumba nyingi za askari na polisi hapakosekani kopo la bati linalowekwa vitu vidogo visivyo na mahali pengine: vifungo vya koti la zamani, funguo ambazo milango yake haijulikani tena, nishani ya babu, na sarafu mbili tatu ambazo hazinunui kitu dukani. Siku ya usafi mkubwa mama wa nyumba hulimwaga kopo hilo mkekani. Vifungo hurudishwa, na nishani hupanguswa vumbi. Sarafu, kwa kuwa ni nyeusi na hazipendezi, husuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka zing'ae. Kisha hupewa watoto wachezee, ama huuzwa kwa bei ya shaba chakavu kwa mpita njia wa kwanza aliyeziulizia.

Yamkini mojawapo ya sarafu hizo ni ya shaba, kubwa kiasi, ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na herufi moja ndogo T. Upande wa pili mna tarakimu 20 na neno HELLER. Taji lake halionekani vizuri, na maandishi yamefifia hapa na pale. Mwenye nyumba akiitazama atasema kuwa imelika kwa kupita mikononi mwa watu. Mnunuzi mjanja naye atasema hivyo hivyo, ajue au asijue, ili bei ishuke. Lakini huenda wote wawili wanaisingizia. Huenda sarafu hiyo haikulika hata kidogo, bali ilizaliwa hivyo.

Hapo ndipo penye fumbo ambalo wataalamu wa sarafu hulifanyia kazi kila siku. Kuipa sarafu daraja lake si kuhesabu makunyanzi ya uzee tu. Kwanza hapana budi kujua sura yake ilikuwaje siku ilipotoka kiwandani, na ilipigwa kwa muhuri gani. Asiyelijua hilo hudhulumu au hudhulumiwa.

VITA, BAHARI ILIYOFUNGWA NA KARAKANA YA RELI

Herufi D.O.A. ni kifupisho cha jina la Kijerumani la koloni lililozikusanya nchi tatu za leo, yaani Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Fedha ya koloni hilo ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Sarafu zake zilitengenezwa Ujerumani kwenyewe. Jicho likikazwa huonekana juu ya nyingi kati yake herufi A ya kiwanda cha Berlin, au J ya kiwanda cha Hamburg. Zilifanywa na mafundi waliobobea, kwa mashine nzito, hata moja ikafanana na mwenzake kama punje za mtama.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilikuja kuifunga pwani, na meli za kuleta sarafu zikakoma. Watu waliokuwa na sarafu za fedha walizificha, kwani wakati wa vita mtu huamini kile kinacholia kikigongwa kuliko karatasi. Serikali ya koloni ilichapa noti za dharura, lakini noti kubwa haiwezi kutoa chenji ya muhogo na kuni. Askari walidai mishahara yao, na chakula cha majeshi kilipaswa kununuliwa.

Ndipo mwaka 1916 kikaanzishwa kiwanda cha sarafu mjini Tabora, kwa vyombo na mafundi wa reli. Herufi T ni alama ya mji huo. Shaba ilipatikana katika maganda ya mizinga na ya risasi zilizokwisha kupigwa. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, nchi ya Iramba. Kwa shaba zilipigwa sarafu za heller 5 na heller 20. Kwa dhahabu ilipigwa sarafu ya rupia 15, yenye tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Mihuri ya sarafu hiyo ya dhahabu ilichongwa na sonara wa Kisinghala, yaani mwenyeji wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Jumla ya sarafu hizo za dhahabu ilikuwa 16,198 tu.

Kazi hiyo ilidumu kwa miezi michache. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na askari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Baada ya vita koloni liligawanywa. Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na mwaka 1921 ikaletwa shilingi ya Afrika ya Mashariki. Rwanda na Burundi zikawa chini ya Wabelgiji na faranga zao. Sarafu za Tabora zikabaki bila kazi. Nyingine ziliyeyushwa, nyingine zikatobolewa na kufanywa mapambo, na nyingine zikaingia katika makopo ya bati, zikanyamaza.

JINSI SARAFU INAVYOZALIWA

Sarafu hizi hazikumiminwa katika kalibu kama afanyavyo msubi wa sufuria. Kwanza hukatwa kisahani kitupu cha madini. Kisahani hicho huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, iliyochongwa picha na maandishi kinyumenyume. Mashine hushindilia mihuri hiyo kwa nguvu kubwa, na madini, ijapokuwa hayakuyeyuka, husukumwa kuingia katika kila shimo la mchoro. Mahali palipochimbika katika muhuri huwa pameinuka katika sarafu.

Kutokana na kazi hiyo hutokea mambo manne, na mwenye kuyajua hayo manne amekwisha kuupata ufunguo wa mlango.

La kwanza ni nguvu ya mashine. Ikiwa haitoshi, madini hayafiki mwisho wa mashimo marefu. Basi sehemu iliyotakiwa kuinuka kuliko zote katika sarafu hutoka bapa tangu siku ya kwanza. Ni bahati mbaya kwamba sehemu hiyo hiyo iliyoinuka ndiyo inayolika kwanza sarafu ikitumiwa. Kwa hiyo udhaifu wa kuzaliwa na uchakavu wa uzee hukutana mahali pamoja, na mtazamaji mwenye haraka hushindwa kuutenga mmoja na mwingine.

La pili ni uchovu wa muhuri. Muhuri wa chuma nao hulika. Baada ya kupiga maelfu ya sarafu, kingo za herufi zake huwa butu na mistari myembamba hupotea. Sarafu ya mwisho kutoka katika muhuri huo ni mpya kabisa, lakini uso wake ni wa kizee.

La tatu ni ufa. Muhuri ukipasuka, madini huingia katika ufa ule, na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka. Mstari huo haukutokana na mtu aliyeikwaruza.

La nne ni kubadilishwa kwa muhuri. Ule wa zamani ukifa huchongwa mwingine. Na mkono wa fundi, hata akiwa hodari namna gani, haurudii kazi yake sawasawa kwa kila nukta.

TAJI KUBWA, TAJI DOGO, NA HERUFI MBILI ZA L

Mambo yote manne yaliikuta Tabora. Vyombo vilikuwa vya karakana ya reli, wala havikuwa vya kiwanda cha sarafu. Madini yalikuwa ya mchanganyiko wowote uliopatikana, hata heller 20 nyingine zina rangi ya njano na nyingine zina wekundu wa shaba tupu. Visahani havikulingana kwa unene wala kwa uzito. Na kwa kuwa kazi ilikuwa ya haraka, mihuri ilibadilishwa zaidi ya mara moja.

Wataalamu waliozichunguza heller 20 za Tabora wamezipanga kwa michoro yake. Upande wa taji una namna mbili: ya taji kubwa na ya taji dogo. Upande wa thamani una namna tatu, nazo hutambulikana kwa herufi mbili za L zilizo katikati ya neno HELLER. Katika namna ya kwanza, ncha ya L ya pili peke yake imepinda kama kijikia. Katika namna ya pili, L zote mbili zina ncha zilizochongoka. Katika namna ya tatu, L zote mbili zimepinda. Pande hizo zilipokutanishwa mashineni, zilizaa jozi mbalimbali, na jozi hizo hazikuwa sawa kwa wingi. Nyingine hupatikana kwa urahisi, na nyingine mtu huweza kuzitafuta kwa miaka.

Sarafu ya dhahabu nayo ina namna mbili. Upande wa tai, penye jina la Kijerumani la nchi, yaani DEUTSCH OSTAFRIKA, mna pambo la kupindapinda. Katika namna moja, ncha ya pambo la mkono wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika namna ya pili huishia chini ya herufi A ya kwanza inayofuata. Umbali baina yake haufiki upana wa punje ya mchele, lakini mkusanyaji wa sarafu hawezi kuandika daftari lake bila kuutaja.

Msomaji atauliza: pambo kuhama hatua moja kunahusu nini daraja la sarafu? Kunahusu sana. Mpanga daraja hukisoma kipande alichonacho kwa kukilinganisha na kipande bora kinachojulikana cha muhuri ule ule. Muhuri wa kwanza ukiwa ulichongwa kwa kina na wa pili ukachongwa juu juu, sarafu mbili zilizopigwa siku moja na kuhifadhiwa sanduku moja hazitakuwa na mistari sawa. Kuishusha ile ya pili kwa sababu haina mistari ya ile ya kwanza ni dhuluma. Askari hapewi adhabu katika gwaride kwa kukosa mkanda ambao bohari haikumpa. Sarafu nayo haihukumiwi kwa mstari ambao muhuri haukuupa.

IMELIKA, AU ILIZALIWA HIVYO?

Bila mashine yoyote, kwa mwanga wa dirishani na kioo kidogo cha kukuza, mtu mwenye subira anaweza kuanza kuutambua ukweli.

Atazame kwanza rangi ya sehemu zilizoinuka. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka huwa na vilele laini, vyenye rangi tofauti na mabondeni, kwa sababu ngozi yake ya juu imeondoka. Sarafu iliyopigwa kwa nguvu dhaifu huwa bapa vile vile, lakini juu ya ubapa huo mngali na ngozi ile ile iliyoko mahali pengine, na pengine hata vijikwaruzo vidogo vya kile kisahani kitupu ambavyo mashine haikuvifuta.

Pili, atazame mahali pa chini palipojificha: ndani ya tarakimu 0, na kando ya miguu ya herufi. Ikiwa huko mngali na mng'ao wa asili, wakati picha ya katikati imefifia, basi dalili ni kwamba lawama ni ya mashine wala si ya miaka.

Tatu, aupime kila mstari. Mstari ulioinuka ni ufa wa muhuri, na ni sehemu ya kuzaliwa kwa sarafu. Mstari uliochimbika ni jeraha lililoipata baadaye. Wa kwanza hauishushi sarafu kama wa pili. Mara nyingine humsaidia mtaalamu kujua sarafu ilitoka katika muhuri upi, na muhuri huo ulipokuwa umezeeka kiasi gani.

Nne, alinganishe pande mbili. Matumizi huzila pande zote mbili kwa jumla. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umelala kabisa, basi yafaa kuushuku muhuri au mashine kabla ya kuishuku mikono ya watu.

JAMBO HILI SI LA TABORA PEKE YAKE

Asidhani mtu kwamba matatizo haya ni ya karakana ya vita tu. Hata Marekani, nchi yenye viwanda vikubwa vya sarafu, iliwahi kutatizwa nayo. Mwaka 1913 ilitolewa sarafu ya senti tano yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu upande mmoja na nyati wa Kimarekani upande wa pili, kazi ya mchongaji James Earle Fraser. Nyati alisimama juu ya kilima kidogo, na juu ya kilima hicho yakaandikwa maneno ya thamani yaliyoinuka. Mara ikaonekana kuwa maneno hayo yatafutika upesi. Mwaka ule ule muhuri ukabadilishwa: kilima kikaondolewa, na maneno yakashushwa chini ya mstari ili yapate kinga. Lakini tarehe, iliyokuwa begani mwa yule Mhindi, iliachwa palepale. Matokeo yake ni kwamba hadi leo hupatikana sarafu za nyati zisizo na mwaka, ambazo sehemu zake nyingine bado zinasomeka.

Mwaka 1916, mwaka ule ule wa sarafu za Tabora, Marekani ilipiga robo dola yenye mwanamke wa Uhuru aliyesimama mlangoni. Tarehe iliwekwa juu ya kizingiti alichosimama, nayo ikalika vibaya sana. Mwaka 1925 muhuri ulirekebishwa na tarehe ikazamishwa ndani kidogo. Robo dola za kabla ya mwaka huo zilizokosa tarehe ni nyingi. Za baada yake huhifadhi tarehe hata zikiwa zimechoka. Basi mpanga daraja anayeipima robo dola ya mwaka 1924 kwa kanuni za ile ya 1926 atapotoka, kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe hakuzipa kinga moja.

Ni katika nchi hiyo pia ambapo mwaka 1949 Dk. William Sheldon aliweka kipimo cha madaraja kuanzia 1 hadi 70, kwa ajili ya senti kubwa za zamani. Kipimo hicho kikaenea baadaye kwa sarafu za namna zote. Daraja la 1 ni sarafu inayotambulika kwa shida. Kuanzia 60 na kuendelea ni sarafu ambazo hazikutumiwa sokoni. Lakini tarakimu haifuti kazi ya jicho. Sarafu za nyati zilizopigwa Denver mwaka 1926 hujulikana kwa kupigwa kwa udhaifu. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na manyoya na pembe zisizotimia. Mtu aliyezizoea za Philadelphia pekee angeziita zimechakaa, na angekosea.

YA KUFANYA NYUMBANI

Sasa na turudi katika kopo la bati. La kwanza na la lazima: sarafu isisuguliwe. Majivu, mchanga, ndimu, dawa ya kung'arisha vifungo vya sare, vyote hivyo ni adui. Kitambaa kinachofaa kwa kifungo cha shaba huondoa ngozi ya sarafu pamoja na weusi wake. Ile rangi iliyoiva kwa zaidi ya miaka mia moja ikiondoka hairudi, na pamoja nayo hupotea ushahidi wote uliotajwa hapo juu: mng'ao wa mabondeni, tofauti ya vilele, na ncha ya herufi L. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kama jino la dhahabu, lakini mtaalamu huijua mara moja, akaandika kuwa imesafishwa, na kuinyima daraja ambalo ingestahili.

La pili: ishikwe kwa kingo zake, wala si kwa nyuso, kwa sababu jasho la vidole huacha alama katika shaba. Iwekwe katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, kila moja peke yake, mbali na unyevu na chumvi. Mfuko wa nailoni laini haufai kwa miaka mingi, kwani aina nyingine hutoa ute unaotia shaba ukijani.

La tatu: iandikiwe kadi. Jina la sarafu, mwaka, alama ya kiwanda, aina ya taji, umbo la zile L, uzito ukiwezekana, na jinsi ilivyoingia katika ukoo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi hiyo humsaidia mjane au yatima asiuze gizani.

La nne: mwenye kutaka kuuza asikubali neno la mtu mmoja. Neno "imelika" lisipokelewe mpaka mnunuzi aonyeshe imelika wapi, na kwa dalili gani. Vile vile mwenye mali asijidanganye. Sarafu nyingi za Tabora ni za kawaida na zimechoka kweli. Kujua muhuri hakuigeuzi shaba kuwa dhahabu. Na akitokea mtu anayeuza ile rupia 15 yenye tembo kwa bei ya mteremko, yafaa kumkwepa mpaka sarafu ipimwe, kwa maana sarafu za dhahabu zenye sifa huigizwa sana.

La mwisho linawahusu zaidi wenye sare. Sarafu ya Tabora ni kipande cha ganda la mzinga kilichogeuzwa kuwa fedha, kwa haraka, na watu waliokuwa wakifukuzwa na wakati. Taji lililolala na herufi zisizotimia ni kumbukumbu ya upungufu wa miezi ile. Anayelisugua taji hilo ili lipendeze amelifuta neno la shahidi kabla hajaulizwa. Anayeliacha lilivyo, akalitazama kwa subira karibu na dirisha, huenda akakuta kwamba kile alichokiona kuwa uzee ni alama ya kuzaliwa, na kwamba sarafu ya babu ni kijana kuliko alivyodhani.